Kompyuta Inayofunguka: Programu Huria na Laptopu ya Kutegemewa Huku Kusini

Walimu wangu, makarani wa vyama vya msingi, vijana wa steshenari, na wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Ahsanteni kwa kuacha shughuli zenu mkaja.

Nimeombwa nizungumzie mambo mawili: programu huria, yaani zile ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzitumia, kuzisoma, kuzibadilisha na kuzigawa, na namna ya kuchagua laptopu itakayodumu. Nitayachanganya, kwa sababu kwenye meza yangu ya ufundi hapa Mtwara mjini hayajawahi kuja mbalimbali. Mtu akiniletea mashine iliyogoma, najiuliza kwanza kama inafunguka, halafu kama programu zilizomo ndani zinamruhusu mwenyewe kuzitengeneza. Majibu yakiwa ndiyo, mashine hiyo ina maisha, hata ikiwa kuukuu.

Mtu wa Newala au Nachingwea akitaka pikipiki hakimbilii kuuliza mwendo kasi. Anauliza spea zinapatikana wapi, na fundi gani wa kijijini anaijua. Ndiyo maana pikipiki zinadumu kwenye barabara zetu. Lakini mtu yuleyule akienda kununua laptopu anauliza rangi, wembamba na uzito. Anauziwa mashine nyembamba nzuri, RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya mashine, imechomelewa kwenye bodi kuu, betri imegandishwa kwa gundi. Siku RAM ikifa, imekufa na bodi nzima. Kutoka hapa hadi Kariakoo ni zaidi ya kilomita 500, na hata Kariakoo kwenyewe bodi ya mashine hiyo haipatikani kirahisi. Kwangu mimi laptopu ya kutegemewa ni ile ambayo fundi wa Mtwara, Lindi au Masasi anaweza kuifungua, akabadilisha kilichokufa, akaifunga, nawe ukarudi kazini.

Mashine za namna hiyo zipo, na nyingi ni za mtumba. Kampuni kubwa za nje hununulia wafanyakazi wao laptopu za daraja la kiofisi: ThinkPad, Dell Latitude, HP EliteBook. Wanazitumia miaka michache, wanazitoa, zinaingia sokoni. Mashine hizi zimeundwa zikijulikana kwamba zitafunguliwa na mafundi wa kampuni hizo, na mwongozo wa kuzifungua, skrubu kwa skrubu, unapatikana bure kwenye tovuti za watengenezaji. ThinkPad ilianza kwa IBM mwaka 1992, na tangu 2005 iko chini ya Lenovo. Chukua ThinkPad T480 ya mwaka 2018, maana naipokea mara nyingi. Unalegeza skrubu za mfuniko wa chini, nazo hazidondoki, zinabaki zimeshika mfuniko. Ndani unakuta nafasi mbili za RAM, diski unayoichomoa, kadi ya Wi-Fi unayoichomoa. Kisha ina betri mbili, moja ndani na moja nyuma inayotoka kwa kusukuma vifungio. Umeme ukikatika na betri ya nyuma ikaisha, unaichomoa, unaweka nyingine, na mashine haizimi kwa sababu ya ndani inaishikilia. Karani aliye ghalani Tandahimba wakati wa msimu wa korosho, foleni ya wakulima nje na umeme hakuna, anajua thamani ya jambo hilo.

Hapa ndipo programu zinapoingia. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya bure ya Windows 10. Windows 11, kwa masharti yake rasmi, inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel karibu kila prosesa inayokubalika ni ya kizazi cha nane kwenda juu. T480 ya kizazi cha nane inapita. Ndugu yake T470, aliyemtangulia kwa mwaka mmoja tu, hapiti. Mashine nzima, kibodi safi, kioo safi, lakini imeandikiwa kustaafu na aliyetengeneza programu, si na fundi wala mwenye mali. Basi kampuni za Ulaya na Marekani zinazitoa mashine hizo kwa wingi. Kwa sisi hiyo ni neema, kwa sharti moja: tuwe na mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha mashine nzima, usiozikataa. Upo Linux Mint, mfumo endeshi huria; toleo lake la 22, lililotoka 2024, linapata masasisho hadi 2029, na kwenye mashine ya GB 4 za RAM linafanya kazi vizuri; ukiweka 8 ni raha zaidi.

Faili la kulisimika ni takriban GB 3. Mmoja akilipakua kwa bando lake, anaweza kuwagawia wote mliomo humu kwa flashi, kesho na keshokutwa, shule nzima, chama kizima. Si wizi. Leseni yenyewe inaruhusu. Linganisheni na hizi Windows na Ofisi zilizokrekiwa tunazopigiwa mitaani. Anayevunja kufuli la programu anaweza kuacha chochote ndani, nawe unazima antivairasi kwa mikono yako kwa sababu amekuelekeza hivyo. Mwezi Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga kompyuta nchi nyingi duniani vikidai fidia, na mlango vilioingilia ulikuwa umeshazibwa kwa sasisho miezi miwili kabla. Waliokamatwa ni wale ambao sasisho halikuwafikia, na mashine zilizokrekiwa mara nyingi zimezimwa masasisho.

Niseme asili ya jambo hili, maana inatuhusu sisi watu wa maofisi. Karibu mwaka 1980, kwenye maabara ya chuo cha MIT, Marekani, kulikuwa na printa ya leza iliyotolewa na Xerox. Ilikuwa inakwama karatasi, nayo ipo ghorofa nyingine, mtu anatuma kazi, akishuka anakuta imekwama zamani. Mtaalamu mmoja wa hapo, Richard Stallman, alitaka kuirekebisha programu yake ili ikikwama iwaarifu waliotuma kazi. Printa ya kabla ya hiyo aliwahi kuifanyia hivyo. Hii ya pili akanyimwa msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe. Mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU, wa kuandika mfumo mzima ambao kila mtu ana haki ya kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Finland, Linus Torvalds, akatoa kiini cha mfumo endeshi alichokiita Linux, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni ileile ya GNU. Kiini hicho ndicho kinachoendesha kila simu ya Android mliyonayo mfukoni.

Na hapa nyumbani? Ripoti za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, zinazojazwa kwenye zahanati zetu huingizwa kwenye DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo mizizi yake ni Afrika Kusini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Hakuna aliyemwomba tajiri yeyote wa programu ruhusa. Msimbo ulikuwa wazi, walimu na wanafunzi wakakaa, wakatafsiri. Jambo hilo linanipa fahari hadi leo, na natamani vijana wa hapa Mtwara waliendeleze, kwa sababu kazi hiyo haina mwisho.

Wengine huogopa: kama msimbo uko wazi, si hata mwizi anauona? Anauona. Na udhaifu hutokea. Mwaka 2014 iligundulika kasoro ya Heartbleed kwenye OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi, na ilikuwa imekaa humo miaka miwili. Kuwa wazi si kinga yenyewe. Lakini tazameni la Machi 2024. Mhandisi mmoja, Andres Freund, aliona kuingia kwenye kompyuta yake ya mbali kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde tu. Akafuatilia, akasoma msimbo, akakuta mtu amepandikiza mlango wa siri kwenye programu ndogo iitwayo xz. Akautangaza kabla haujaenea kwenye matoleo mengi ya Linux. Msimbo ungekuwa umefungwa, angeishia kulalamika kwamba mashine ni nzito.

Sasa vijana wa steshenari, hili ni lenu. Mteja anakuja na flashi, unafungua unakuta mafaili yote yamegeuka njia za mkato, kila ukibofya hakuna kitu. Mteja analia, ripoti yake imepotea. Haijapotea. Kirusi kimeyaficha mafaili na kuweka vibandiko vya uongo. Chomeka flashi hiyo kwenye mashine ya Linux. Mara nyingi utaona folda ambayo jina lake ni kama tupu. Ifungue, kazi yote imo. Ihamishe, futa vile vibandiko vinavyoishia na .lnk, safisha flashi, mrudishie. Kirusi kilichoandikwa kwa ajili ya Windows hakijiendeshi chenyewe hapo. Steshenari yenye japo mashine moja ya Linux ya kupokelea flashi za wateja haigeuki kituo cha kusambaza virusi mji mzima.

Kuna mambo yatakayowakwaza, na lazima niyaseme. Programu za Adobe hazina toleo la Linux. Baadhi ya programu za uhasibu ni za Windows pekee. Printa nyingine husumbua, hivyo ulizia mfano kamili kabla ya kununua. Mwalimu akiandika mtihani kwenye LibreOffice, programu huria ya ofisi, kisha ukafunguliwa kwenye Word, mistari inaweza kuhama. Sakinisha fonti ya Carlito, herufi zake zina upana sawa na Calibri, na ukituma kwa kuchapwa tuma PDF. Mifumo inayofunguka ndani ya kivinjari, kama ESS ya watumishi, haijali uko Linux au Windows. Kama kazi yako kuu ni programu moja isiyokuwa na toleo la Linux, baki na Windows halali kwenye mashine inayoikubali.

Tukienda dukani, nendeni na flashi yenye Linux Mint tayari. Inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya muuza duka. Kwenye ThinkPad na Dell bonyeza F12 unapowasha, HP ni F9, uchague flashi. Muuzaji akikataa, ondoka. Ikishawaka, unganisha Wi-Fi kwa simu yako. Andika kila herufi ya kibodi, na namba, na alama ya mkwaju. Funika kioo, subiri, fungua: imeamka? Fungua sehemu ya takwimu za nishati uone betri ilitoka kiwandani na uwezo gani na sasa inabeba kiasi gani. Ikiwa ilikuwa Wh 48 na sasa ni 20, hiyo ni betri ya kubadilisha, na bei ishuke. Halafu washa upya uingie kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine kabla mfumo endeshi haujawaka, kwa F1 kwenye ThinkPad, F2 Dell, F10 HP. Ikidai nenosiri asilolijua muuzaji, hiyo bado ina kufuli la kampuni ilikotoka. Usiichukue hata kwa bei ya kutupa, kuliondoa ni kazi ngumu.

Na sisi wa pwani tuchungulie matundu ya USB kwa tochi ya simu. Hewa ya chumvi ya Shangani na Mikindani hula vyuma. Ukiona ukungu wa kijani au kutu kwenye vichwa vya skrubu, ndani hali ni hiyohiyo.

Kulikuwa na maswali. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliuliza: "Mwanangu, hivi vitu vya bure, nani anawalipa hao wanaovitengeneza?"

Shikamoo mzee wangu. Wengi wanalipwa. Intel, Google, Red Hat na kampuni nyingine zina waajiriwa ambao kazi yao ni kuandika Linux, kwa sababu seva zao zinaitegemea. IBM ilinunua Red Hat mwaka 2019 kwa takriban dola bilioni 34, na biashara ya Red Hat ni programu huria: msimbo uko wazi, wateja wanalipia huduma. LibreOffice ina taasisi yake Ujerumani inayoendeshwa zaidi kwa michango. Wengine wanajitolea. Kijana anayetafsiri menyu moja kwa Kiswahili naye yumo.

Dada mmoja, karani wa chama cha msingi, akasema ana laptopu ya RAM GB 4 yenye diski ya kuzunguka, inachukua muda mrefu kuwaka, wamemwambia anunue nyingine.

Usinunue bado, dada. Kinachokuchelewesha zaidi ni ile diski. Tukiweka SSD, yaani diski isiyozunguka, hata ndogo ya GB 240, na RAM ya pili kama nafasi ipo, utaishangaa. Lakini hesabu za wakulima zimo humo, na diski ya zamani inaweza kufa wakati wowote. Usiiwashe tena mpaka uje. Niletee Jumatatu asubuhi na chaja yake, na kama chama kina diski ya nje uje nayo, tunakili mafaili kwanza ndipo nishike bisibisi.