Twende Kuokota Akiki Ziwa Superior

Haya jamani, habari za asubuhi. Huo uvumi mnaousikia si simu zenu, ni upepo wa ziwa. Tuko ukingoni mwa Ziwa Superior, jimbo la Minnesota, kaskazini kidogo ya Duluth kwa barabara kuu ya 61. Mpwa wangu ameshika kamera, mimi nimeshika mfuko wa turubai na chupa ya chai. Leo tunatafuta akiki.

Ndiyo, akiki ile ile ya kwenye pete. Babu yangu kule Tanga alikuwa na pete ya fedha yenye akiki nyekundu, haivui hata akitawadha. Nilikua nikiamini mawe yale yanatoka Yemen tu. Siku nilipookota la kwanza hapa, kwa mkono wangu mwenyewe, nilikaa chini kwenye kokoto nikalitazama mpaka vidole vikafa ganzi kwa baridi.

Mavazi: mabuti, soksi nzito, koti. Hayo mnayajua.

Ruhusa, hapo tusimame kidogo. Katika hifadhi za jimbo, kama Gooseberry Falls, kuokota jiwe na kuondoka nalo ni marufuku, hata kama ni dogo kama punje ya mahindi. Soma kibao cha mahali ulipo. Kwenye shimo la kokoto la mtu, bisha hodi kwanza kwa mwenyewe. Ufukwe huu tulioko leo unaruhusu kuokota, nimeuliza.

Sasa nisikilizeni, maana ukijua jiwe lilikotoka utajua pa kulitafuta. Karibu miaka bilioni 1.1 iliyopita, bara hili lilianza kupasuka katikati, kama linavyopasuka Bonde la Ufa kwetu. Lava ikamwagika tabaka juu ya tabaka, kisha ufa ukakoma kabla bara halijagawanyika. Ndani ya lava iliyopoa vikabaki vitundu vya gesi. Fikiria vibibi vikiiva chunguni, vile vitundu vya juu. Maji yenye madini yakapenya humo, yakaacha utando mmoja, mwingine, na mwingine, na ndiyo hiyo mistari ya akiki. Wekundu wake ni chuma kilichoshika kutu. Baadaye sana barafu kuu zikaja, zikakwangua miamba na kuburura mawe kuelekea kusini. Ndiyo maana hata Moose Lake, mbali na ziwa hili, watu wanaokota akiki kwenye kokoto. Mwaka 1969 jimbo likaifanya kuwa kito chake rasmi.

Twende kazini. Jua liko kule, chini bado. Tembea ukilielekea. Wageni wengi wanalipa jua mgongo kwa sababu macho hayaumii, na wanarudi mikono mitupu. Akiki hupitisha mwanga. Jua likiwa mbele yako na jiwe katikati, jiwe linawaka kwa ndani kama kaa la moto linalokaribia kuzima. Mawe mengine mengi yanabaki meusi. Kwa hiyo usitafute rangi, tafuta mwanga. Kokoto nyekundu hapa ni nyingi kupita kiasi, zitakuchosha.

Pita pale maji yanapofika na kurudi, kwenye mawe yaliyolowa. Jiwe kavu huvaa vumbi jeupe, hulitambui. Na usikimbie. Hatua moja, tazama, hatua...

Mpwa, rudi! Rudi nyuma!

Aa, lenzi imelowa. Ngojeni kidogo. Futa kwa fulana, si kwa mkono, mkono una mchanga. Haya. Mmeona wimbi lile? Ziwa hili lina zaidi ya kilomita za mraba 82,000, linalipita Victoria kwa ukubwa, na maji yake ni baridi hata mwezi wa Julai. Usilipe mgongo. Ukiinama, inama ukiwa umelitazama.

Mjomba hajasahau kazi, tunaendelea. Hili hapa, nyekundu, zuri, laini. Si akiki. Hili ni yaspi, ile mnayoisoma kwenye Ufunuo. Nalinyanyua kuelekea jua: giza. Yaspi haipitishi mwanga. Nzuri, ila leo sikuijia.

Na hili? Njoo karibu na kamera. Karibu zaidi. Ukubwa wa kokwa ya embe dogo. Ngozi yake ina vishimo vishimo, kama imedonolewa na ndege. Upande huu limevunjika zamani, na pale palipovunjika panang'aa kama nta. Sasa tazama nikiliweka juu ya tochi ya simu... Mnaona? Mstari mwekundu, mweupe, mwekundu, mwembamba kama uzi wa kushonea kofia. Subhanallah. Hii ndiyo.

Ukiwa bado na shaka, toa kisu. Kwangua mahali pasipoonekana. Kisu hakiachi mkwaruzo, kinaacha alama ya kijivu kama ya penseli, maana jiwe ni gumu kuliko chuma chake. Alama unaifuta.

Sasa hapa naomba msiondoke. Usiligonge. Mtu akipata jiwe kubwa anatamani kuona ndani, anatafuta nyundo. Usiligonge. Mwaka wangu wa pili nilipata moja la kujaa kiganja, zito, mistari imejitokeza pembeni tu. Nikasema nitalifungua. Pigo moja. Likapasuka vipande kumi na kitu, na kila kipande kikabaki na nyufa ndani, hakuna hata kimoja cha kutengenezea kito. Jiwe lililovumilia barafu na mawimbi kwa muda wote huo, likaisha mikononi mwangu kwa sekunde moja. Vipande ninavyo bado kwenye kikopo, huwa siwaonyeshi wageni.

Kwa hiyo: nyundo ibaki nyumbani. Unataka kuona ndani, mpelekee fundi mwenye msumeno wa almasi, wenye maji. Anakata taratibu, mistari inatoka mizima. Narudia kwa anayeruka mbele ya video: usiligonge, hata kidogo, hata kwa jiwe jenzake. Na mtu akipiga nyundo karibu nawe, geuza uso. Vibanzi vyake vinakata kama chupa.

Nyumbani ni rahisi. Maji ya uvuguvugu, sabuni, mswaki wa zamani. Likikauka litapauka, usihuzunike. Tone la mafuta ya mtoto linarudisha rangi uione. Mimi sipendi kuyang'arisha yote. Machache nayaacha na ngozi yake, yabaki kama yalivyotoka ziwani.

Mpwa anasema chaji imebaki asilimia tatu. Baridi hii inanyonya betri. Basi nisogezeeni kamera mara ya mwisho, nalishika hivi, jua nyuma yake... tulia, usitikisike... hapo. Hiyo rangi ndiyo iliyokuwa kidoleni mwa ba