Kidole Kinapogoma: Huduma za Serikali Mtandaoni na Wanaobaki Nje

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Mazungumzo ya huduma za serikali mtandaoni katika nchi zinazoendelea huanza na minara, nyaya na umeme. Mambo hayo ni ya kweli, ila sitakaa hapo sana. Ripoti za GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, zimeonyesha kwa miaka kadhaa kwamba watu wanaoishi penye mawimbi ya intaneti bila kuitumia ni wengi kuliko wasiofikiwa na mawimbi kabisa. Simu janja ni ghali, bando haidumu, wengine hawakusoma, na wengine wamesoma lakini tovuti imeandikwa kwa lugha isiyo yao. Mnara mpya ukisimikwa kesho, hao watabaki palepale.

Leo nataka tuzungumze juu ya kitambulisho. Benki ya Dunia ilikadiria, kwa takwimu za mwaka 2021, kuwa watu wapatao milioni 850 duniani hawakuwa na kitambulisho rasmi, na wengi wao walikuwa Afrika kusini mwa Sahara na Asia Kusini. Sasa fungua huduma yoyote ya serikali mtandaoni: jambo la kwanza unaloulizwa ni namba ya kitambulisho. Asiye nayo safari yake inaishia hapo. Akienda kuiomba, anadaiwa cheti cha kuzaliwa, naye alizaliwa nyumbani na hakuna aliyemwandikisha.

Na mwenye kitambulisho je? Tutazame India. Namba za kitambulisho ziitwazo Aadhaar, zenye tarakimu 12, zilianza kutolewa mwaka 2010, na leo zaidi ya watu bilioni moja wanazo. Ni kazi kubwa, naiheshimu. Lakini namba hiyo ilipofungwa na mgao wa chakula cha ruzuku, ikawa katika maeneo mengi mtu hapewi nafaka mpaka aweke kidole kwenye mashine na mashine imkubali. Vidole vya mkulima, vya mponda kokoto na vya bibi kizee huchakaa, alama zikafifia. Siku nyingine kidole ni kizima, mtandao ndio haupo. Mtu anayejulikana na kijiji kizima, jina lake na la baba yake, anarudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu mashine haikumtambua.

Septemba 2018 Mahakama ya Juu ya India iliukubali mfumo huo kwa sehemu kubwa, lakini ikasisitiza kwamba mtu asinyimwe haki yake kwa sababu tu utambuzi umeshindikana. Msimamo wangu ni huo, na ningependa uandikwe katika mkataba wa kila mfumo kabla mkandarasi hajalipwa. Kila kituo cha huduma kiwe na mtumishi mwenye mamlaka ya kisheria ya kusema, "Huyu namfahamu, ahudumiwe," kisha aandike jina lake na sababu. Nimewasikia maofisa wakihofia kwamba wizi utarudi kupitia mwanya huo. Hofu yao ina msingi, maana majina hewa yametafuna fedha za umma kwa miaka mingi. Lakini idhini iliyosainiwa inakaguliwa, aliyeitoa akaulizwa. Mtu aliyekataliwa na mashine akaenda zake haonekani katika ukaguzi wowote.

Kwa upande wa kifaa, Togo ina somo. Aprili 2020, wakati wa korona, ilianzisha Novissi, mpango wa kuwapa fedha watu waliopoteza kipato. Mwombaji alibonyeza *855# kwa simu yoyote, hata ya kitochi isiyo na intaneti, na fedha zikaingia kwenye simu. Wanawake walipewa zaidi kidogo. Serikali ilihakiki watu kwa daftari la wapiga kura, yaani ilitumia ilichokuwa nacho tayari, na ndiyo maana ilikwenda haraka. Asiyekuwamo katika daftari hilo, hata hivyo, alikosa.

Neno "tayari" ni zito kwangu. Mwananchi huambiwa apeleke nakala ya cheti kilichotolewa na serikali ileile. Estonia ilianza mwaka 2001 kuunganisha hifadhidata zake kwa mfumo wa X-Road, na sheria yake inakataza kuanzisha hifadhidata nyingine za kukusanya data zilezile. Mtaniambia hiyo ni Ulaya. Ndiyo, lakini ilikuwa na miaka kumi tu tangu irudishe uhuru wake. Kinachokwamisha mara nyingi ni idara kung'ang'ania daftari lake, maana mwenye daftari ana bajeti na ana sauti. Kuunganisha nako kuna sharti lake: Oktoba 2021 Mahakama Kuu ya Kenya iliona utoaji wa kadi za Huduma Namba, mfumo wa namba moja ya utambulisho kwa kila mtu, haukuwa halali, kwa kuwa tathmini ya athari kwa faragha ya watu haikufanywa kwanza.

Wapo ambao hawatatumia simu wenyewe, na hilo si aibu. Bangladesh ilifungua mwaka 2010 vituo vya kidijitali katika kata zake zaidi ya 4,000, kila kimoja kikipangiwa mhudumu mwanamume na mwanamke, wanaojipatia riziki kwa ada ndogo. Wakala wa namna hiyo anafaa, mradi ada ibandikwe ukutani na nywila za watu asikae nazo.

Kwa maofisa mlioko hapa nina ombi moja. Ripoti zenu hutaja waliojisajili na miamala iliyokamilika. Ongezeni safu ya walioanza wakakwama, walikwama hatua ipi, na wangapi walihudumiwa kwa mkono baada ya mashine kuwakataa. Ikisomeka sifuri mwezi baada ya mwezi, tumeni mtu vijijini akaulize.

Sasa nakaribisha maswali.