Kukagua Kifaa cha Dharura ni Kukifanyisha Kazi

Waheshimiwa madaktari, wauguzi na mafundi wa vifaa tiba,

Kifaa cha dharura huharibika kikiwa kimetulia mahali pake. Betri huchoka ingawa inachajiwa muda wote, jeli ya pedi za kubandika kifuani hukauka, na mpira huanza kupasuka pasipo mtu kuugusa. Ndiyo maana siamini ukaguzi wa kutazama na kusaini.

Tuanze na mashine ya kushtua moyo. Ikijaribiwa ikiwa imechomekwa kwenye soketi, itawaka vizuri na fomu itajazwa, ilhali hali ya betri haijajulikana. Kwa hiyo waya wa umeme uchomolewe kwanza, kisha mashine ichajiwe na kufyatuliwa kwenye kipimio chake kwa kiwango alichoelekeza mtengenezaji. Mgonjwa ambaye moyo wake unatetema, asipokandamizwa kifua, hupoteza takriban asilimia 7 hadi 10 ya uwezekano wa kunusurika kwa kila dakika inayopita kabla ya kushtuliwa. Huo si wakati wa kutafuta betri katika wodi ya jirani.

Mashine ya kufyonza makohozi nayo hudanganya, kwani injini yaweza kunguruma kwa nguvu huku mfuniko wa chupa ukivujisha hewa. Zibeni mrija kwa kidole, kisha msome geji: mvuto unapaswa kuzidi milimita 300 za zebaki. Mfuko wa kupumulisha hupimwa vivyo hivyo, kwa kuziba tundu lake la kutolea hewa na kuubonyeza. Ukinywea kwa urahisi, kuna mahali panapovuja.

Kuhusu oksijeni, wengi huridhika wakiona mtungi upo. Mtungi wa lita 680, ukitoa lita 15 kwa dakika, huisha kwa dakika 45 hivi, na ukiwa nusu hautafika dakika 23, muda ambao lifti iliyokwama inaweza kuumaliza.

Lakiri ya toroli ya dawa na vifaa vya dharura huthibitisha tu kwamba droo haikufunguliwa. Dawa huweza kwisha muda wake ndani ya droo iliyofungwa barabara, hivyo tarehe iliyo karibu zaidi iandikwe nje.

Kifaa kinachoshindwa jaribio kiondolewe papo hapo, kingine kiwekwe mahali pake, na fundi aandikiwe kilichotokea: kilizimika baada ya muda gani, kikiwa kwenye betri au kwenye umeme. Neno “kibovu” peke yake halimsaidii.