Hewa Inayopanda: Mhadhara Kuhusu Kuruka Kwenye Genge la Torrey Pines

Ndugu zangu, nashukuru mmeiacha Jumamosi yenu mkaja kunisikiliza. Wengi mnaishi hapa San Diego, na mkipita La Jolla mmeshayaona yale mabawa ya rangi yanayoelea juu ya bahari, kila moja limembeba mtu. Swali mnaloniuliza kila mara ni hili: yanashikiliwa na nini? Leo nataka kulijibu vizuri, kwa sababu hewa hiyo hiyo inayomshikilia mtu ndiyo inayoweza kumbwaga.

Genge la Torrey Pines, pale pale La Jolla, lina karibu mita 100 kutoka ufukweni hadi juu, na linatazama magharibi. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu inapanda, ya baharini inaingia kushika nafasi yake. Inafika kwenye ukuta ule wa mwamba, inakosa pa kupita, inaelekea juu. Sasa, bawa la kitambaa katika hewa tulivu hushuka kiasi cha mita 1 kwa sekunde. Hewa ikipanda kwa kasi hiyo hiyo, hushuki. Ikizidi, unapanda nayo. Injini hakuna.

Wale ndege wa baharini, mwari, wanalijua jambo hili kuliko sisi. Hupita mmoja nyuma ya mwenzake kando ya ukingo, mabawa yamenyooka, wasipige hata pigo moja. Mimi nikifika pale nikakuta mwari wanapiga mabawa, begi langu silifungui. Nakaa chini nangoja.

Watu walianza zamani kuufuata upepo huu. Mwaka 1930 Charles Lindbergh, yule aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1927, aliondoka Mlima Soledad kwa ndege isiyo na injini, akaambaa na pwani hii hadi Del Mar. Mwaka huo huo mkewe, Anne Morrow Lindbergh, akawa mwanamke wa kwanza Marekani kupata leseni ya daraja la kwanza ya kurusha ndege za aina hiyo. Kila siku anatajwa mume. Mabinti mlioketi hapa mbele, mshikeni huyo mama.

Siku hizi pale utakuta mabawa ya namna mbili. Paraglaida ni kitambaa na kamba tu; unaikunja, unaitia begini, unaibeba mgongoni. Hengiglaida ina fito za alumini, rubani analala kifudifudi chini yake, na ina kasi zaidi. Tofauti hiyo ya kasi si ya kujivunia tu. Paraglaida ya kawaida huenda kama kilomita 35 au 38 kwa saa. Upepo ukifika hapo, unatazama bahari lakini husogei mbele. Ukizidi, unarudishwa nyuma huku umeelekea mbele.

Na nyuma ndiko kwenye hatari. Upepo ukishavuka ukingo hautulii, bali unabingirika kama maji yanavyofanya nyuma ya jiwe mtoni. Mwaka wangu wa pili wa kuruka nilitaka kutua juu ya genge, nikachelewa kugeuka, nikaingia humo. Kamba za kushoto zililegea mkononi, zikawa kama uzi uliokatika. Kitambaa kikajikunja nusu, nami nikaanguka kutoka kimo cha kama mlango wa nyumba. Nilivunjika kifundo cha mkono. Upepo haukuwa umebadilika hata kidogo. Mimi ndiye niliyehama upande.

Kuna sheria moja ya njia ambayo naomba msiisahau hata kama hamtaruka kamwe, maana ina akili sana. Wawili wakikutana uso kwa uso kando ya genge, aliye na genge kuliani ndiye mwenye haki. Kwa nini? Kwa sababu kulia hana pa kupindia. Aliye na bahari kuliani ana uwazi wote, basi ndiye anayempisha mwenzake.

Kuhusu maji nasema kwa msisitizo. Wengi hudhani kuanguka baharini ni salama kuliko kuanguka mwambani. Sponji ya kinga iliyo mgongoni mwa kiti cha rubani huelea, na inaweza kukugeuza uso ukaelekea chini. Mawimbi yanalijaza bawa, kamba zinakuzunguka miguu. Ukiona hutapata kimo cha kurudi juu, tua ufukweni mapema, ungali na nafasi ya kuchagua mahali, kisha panda kwa miguu. Ni njia ndefu na inachosha. Nimeipanda mara nyingi.

Maswali nitayajibu tukiwa uwanjani. Nimeleta bawa langu, na upepo wa saa hizi unatosha kuliinua bila mtu kutoka ardhini. Atakayeshika kamba kwanza avae glavu, zimo ndani ya lile begi la bluu.