Kostiki soda: usisubiri iume

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Kabla sijaanza kusema, naomba mtazame ninachofanya hapa mezani, maana tutakirudia baadaye kidogo. Nyie wa mstari wa mbele naomba msogee nyuma hatua mbili. Asanteni. Na dirisha lile libaki wazi.

Chombo hiki ni cha plastiki ngumu inayohimili joto. Ndani kuna maji baridi, mililita 400, na kipimajoto kinasoma nyuzi 24. Bakuli hili lina gramu 100 za kostiki soda, haya magamba meupe yanayofanana na vipande vya mshumaa uliokunwa. Mnaona nimevaa miwani inayoziba pande zote, aproni ya mpira, na glovu ndefu. Sasa namimina soda ndani ya maji kidogo kidogo, huku nakoroga. Nyuzi 38. Naongeza. Nyuzi 55. Namalizia. Nyuzi 73, na mvuke mnauona wenyewe. Sikuwasha jiko wala kiberiti, joto lote hili limetoka kwenye soda ilipokutana na maji.

Sasa natumbukiza nyuzi mbili za kushonea: huu mwekundu ni wa sufu, huu mweupe ni wa pamba. Tuziache humo, tuendelee.

Jina lake la kikemia ni sodiamu haidroksaidi. Watengeneza sabuni na wazibuaji wa mabomba wanaiita kostiki tu. Hupatikana kwa kupitisha umeme ndani ya maji ya chumvi, na gesi ya klorini hutoka katika kazi hiyohiyo. Viwanda vya sabuni, karatasi, nguo na alumini haviwezi kufanya kazi bila hiyo. Kwa hiyo sikuja kuwaambia muikimbie. Nimekuja kuzungumzia jambo moja ambalo limewaumiza watu wengi niliofanya nao kazi, nalo ni kwamba kostiki haiumi mara moja.

Chuma cha moto ukikigusa, mkono unaruka wenyewe kabla hujafikiri. Asidi kali nayo huchoma upesi, na mtu hukimbilia maji. Kostiki, hasa ile iliyozimuliwa, ikikudondokea unahisi utelezi. Basi. Mtu anasugua kidole kwa kidole, anasema hii ni kama sabuni, anajifuta kwenye suruali anaendelea na kazi. Na kweli ni sabuni! Mafuta yaliyomo kwenye ngozi yako ndiyo yamegeuka sabuni. Utelezi ule ni ngozi inayoyeyuka. Ukitoka hapa leo umekumbuka hilo peke yake, safari yangu imelipa.

Nitawasimulia yaliyonipata. Nilikuwa kijana, nina miezi minne tangu niajiriwe, na kazi yangu ilikuwa kufungua na kufunga mipira ya kushushia kostiki ya maji kutoka kwenye lori. Siku hiyo nilikuwa nimechomeka suruali ndani ya gambuti, kwa sababu ndivyo nilivyoona inapendeza. Nilipolegeza kiungo, yakamwagika matone machache, yakateleza kwenye suruali, yakaingia ndani ya gambuti la kushoto. Nikahisi unyevu nikadhani ni jasho. Niliendelea kufanya kazi karibu saa nzima. Mzee aliyekuwa msimamizi wetu alinikuta naukanyaga mguu kwa namna ya ajabu, akaniuliza, "Kijana, una nini mguuni?" Nikamjibu, "Hamna kitu, mzee, soksi imelowa tu." Hakunijibu. Alinishika bega, akanikalisha chini ya bomba, akafungua maji ndipo akaanza kunivua gambuti. Soksi ilitoka pamoja na ngozi ya kifundo. Wakati huo ndipo maumivu yalipoanza.

Kovu ninalo hadi leo. Na tangu siku ile suruali yangu hukaa nje ya gambuti, na kwa kazi za kuinamisha mikono, mikono ya koti langu hukaa nje ya glovu, ili tone likiteremka lidondoke sakafuni badala ya kupata njia ya kuingia ndani.

Sasa tuangalie kwa nini kidonda chake huwa kirefu hivyo. Mwili ni protini na mafuta. Asidi nyingi zikigusa nyama huigandisha protini, likatokea gamba gumu, na gamba hilo huipunguzia asidi kasi ya kuzama. Simaanishi kwamba asidi ni ya kuchezea. Lakini kostiki haijengi gamba. Huyeyusha protini, hugeuza mafuta kuwa sabuni, na nyama iliyolainika hivyo huifungulia njia ya kwenda chini zaidi. Ndiyo maana jeraha linaloonekana dogo asubuhi huweza kuwa kubwa jioni. Oktoba 4, 2010, huko Ajka nchini Hungaria, ukuta wa bwawa la kiwanda cha alumina, ule unga unaotengenezewa alumini, ulipasuka, tope jekundu likafunika vijiji vya Kolontár na Devecser. Tope lile hubaki baada ya madini ya boksiti kusafishwa kwa kostiki, na lilikuwa bado na alkali kali, yaani kemikali za jamii ya kostiki. Watu kumi walikufa, na wengine zaidi ya mia moja walijeruhiwa, wengi wao wakiwa wameungua kwa tope lililopenya nguo. Mtu aliyetembea katika tope lile alidhani anatembea katika matope.

Hebu turudi mezani. Navua uzi mweupe wa pamba kwa koleo: huu hapa, mzima, umevimba kidogo. Uzi mwekundu… natafuta… ni huu uliobaki, na ukiguswa unakatika kama ute. Rangi yenyewe imeingia kwenye maji. Sufu ni nywele za kondoo, na nywele ni protini, kama ngozi yenu na yangu. Hapo hatujafikisha nusu saa.

Jicho ni habari nyingine kabisa, na hapa naomba utulivu. Kostiki ikiingia jichoni huanza kuharibu konea, ule uwazi wa mbele, ndani ya sekunde. Hakuna daktari atakayekuwahi. Atakayekuwahi ni aliye karibu nawe mwenye maji. Jicho lifunguliwe kwa vidole, kope zote mbili zivutwe, maji safi yatiririke bila kukatika, mgonjwa akizungusha jicho juu, chini, kulia, kushoto. Atapiga kelele, atafumba, atawasukuma. Msimwonee huruma ya kumwachia. Dakika 15 ndiyo kiasi cha chini kabisa, na kwa alkali, nusu saa ni bora. Hospitalini wataendelea kuosha, wakipima kwa karatasi ya pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, hadi jicho lirudi kwenye kiwango cha kawaida. Nimeona wafanyakazi wakimkimbiza mwenzao kwenye gari kwa nia njema kabisa, jicho likiwa limeoshwa kwa kikombe kimoja cha maji. Gari lilikwenda kasi sana. Jicho hilo halikupona. Osheni kwanza, gari litafuata, na ikiwezekana endeleeni kuosha ndani ya gari.

Kwa ngozi ni hivyohivyo: maji mengi, nguo na viatu vikivuliwa chini ya maji. Kama ni magamba makavu, yapanguse upesi kwanza ndipo umwage maji, maana mmeona wenyewe yanavyochemka yakilowa. Kisha, hata kama haumi, nenda ukaonwe na daktari. Usijipime kwa maumivu.

Sasa utaratibu wa kuchanganya. Soda inaingia kwenye maji. Maji hayamiminwi juu ya soda. Sababu yake ni hesabu nyepesi: kilo moja ya soda, ikiyeyushwa katika lita tatu za maji ya kawaida, huweza kuyafikisha karibu na kuchemka. Ukimwaga maji kidogo juu ya soda nyingi, joto lote hilo linaangukia maji machache, yanachemka papo hapo na kuruka usoni. Maji yawe baridi, usiwahi kutumia ya moto eti iyeyuke haraka, na usiache kukoroga, kwa sababu magamba yakijikusanya chini yanashikana kuwa jabali, halafu jabali likivunjwa kwa mti, mchanganyiko unaruka.

Chombo nacho kina mambo yake. Plastiki nene ya madumu, sawa. Chuma kisichoshika kutu, sawa. Alumini, kamwe. Ndoo ya bati lenye zinki, kamwe. Kostiki hula alumini na kutoa haidrojeni, na gramu 27 tu za alumini, uzito wa kifuniko kidogo, zinatoa zaidi ya lita 30 za gesi hiyo. Haidrojeni huwaka ikifika asilimia 4 tu ya hewa ya chumbani. Nimewahi kuingia kwenye banda ambamo mtu alikuwa amekorogea soda kwenye sufuria ya alumini, povu linapanda kama maziwa yanayochemka, na pembeni kuna jiko la mkaa linawaka. Tulilizima jiko kwanza. Hatukugusa sufuria. Tulitoka nje, tukafungua kila mlango, tukangoja.

Kwa wenzangu wa viwandani wanaopokea kostiki ya maji ya asilimia 50, nina mawili. La kwanza ni uzito. Lita moja yake ina kilo moja na nusu, kwa hiyo dumu la lita 20 ambalo mkono wako umelizoea kwa maji, likiwa na kostiki lina kilo 30. Dumu hilo huponyoka. Libebeni wawili, au tumieni toroli. La pili ni baridi. Ikishuka kufikia nyuzi 12 hivi, kostiki hiyo huanza kuganda ndani ya bomba. Fundi anaona pampu haivuti, anadhani bomba ni tupu, anafungua nati za kiungo. Nyuma ya ule mgando kuna shinikizo. Bomba lililoziba lihesabiwe kuwa limejaa, na uso usiwe mbele ya kiungo kinacholegezwa, hata kama umevaa kinga ya uso.

Kuna jambo ambalo kila nikilisema sauti hubadilika, mtanisamehe. Chupa za maji ya kunywa. Kostiki iliyozimuliwa haina rangi, haina harufu. Ikitiwa kwenye chupa ya maji na kuwekwa chini ya meza, mtoto wa miaka miwili hana namna ya kujua. Funda moja huunguza umio, na ukipona huacha makovu yanayoubana hadi chakula hakipiti, mtoto akaishi kwa kupanuliwa koo hospitalini mara kwa mara. Akinywa mtu, msimtapishe: kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Asukutue kinywa kwa maji, ateme, apelekwe hospitali wakati huohuo, pamoja na chombo chenyewe ili daktari akione. Na soda ikae kwenye chombo chake chenye maandishi, kimefungwa vizuri, mahali pakavu, mbali na asidi. Ikiachwa wazi huvuta unyevu na hewa ya ukaa, ikalowa, ikavuja kwenye rafu bila mtu kujua.

Kuna mkono umenyooshwa pale nyuma. Naam, mama… Anauliza: kama kostiki ni alkali, kwa nini tusimwagie siki ili ikate makali? Nashukuru sana, hili huulizwa kila mahali. Kwenye karatasi ni kweli, asidi na alkali zinauana. Lakini zikiuana hutoa joto, na joto hilo litatokea juu ya ngozi iliyokwisha kuungua. Pia nani atapima siki kiasi gani inatosha? Na muda unaoutumia kutafuta chupa ya siki ndio muda ambao kostiki inazama. Kwenye mwili, maji peke yake. Siki iacheni kwa kufuta meza, baada ya kostiki iliyomwagika kukaushwa na meza kuoshwa.

Na mchanganyiko huu hapa tunaufanyaje? Utakaa kwenye chombo chake, umefunikwa bila kukazwa, na mimi nakaa nao hadi upoe. Aliye na swali jingine aje huku, ila asivuke ule mstari wa tepu sakafuni.