Utaridi Inaonekana, Ila Hatutazami

Ndugu zangu, wengi mmeshanisikia nikisema kwamba Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na jua, huonekana kwa macho, na nitalirudia mpaka liwaingie. Vitabu vya shule vinaiita Zebaki, wanafalaki wa zamani wakaiita Utaridi. Iteni mtakavyo, lakini msiniambie haionekani!

Maneno hayo ni ya watu wa kaskazini. Utaridi haiachani na jua zaidi ya nyuzi 28, na kwao mara nyingi hulala chini kabisa, ikamezwa na mwangaza na ukungu. Sisi wa ikweta jua likichwa giza huingia upesi, nayo husimama karibu wima juu ya pale jua lilipozama. Mtu wa Tanga au Mombasa akisema haijawahi kuonekana, namuuliza: ulitoka nje kuitafuta lini?

Sikilizeni habari ya Pierre Gassendi, mwanafalaki wa Ufaransa. Mwanafalaki Mjerumani, Kepler, alikuwa amepiga hesabu kwamba Novemba 1631 Utaridi itakatiza mbele ya jua, akafariki 1630 bila kushuhudia. Gassendi, huko Paris, akatia giza chumba, akaelekeza darubini kwenye jua, mwanga ukaangukia karatasi nyeupe. Mawingu yakamsumbua. Asubuhi ya tarehe 7 yakapasuka, na pale karatasini pana kidoa cheusi, kidogo mno. Akajisemea hilo ni waa la jua, yaani doa jeusi lililo kwenye uso wa jua lenyewe, kwa kuwa alitarajia kitu kikubwa zaidi. Angeweza kuondoka! Hakuondoka. Akapima, akangoja, akapima tena. Kidoa kimesogea, tena kwa kasi ambayo waa la jua halina. Ndiyo yenyewe! Hatujui mtu aliyeona sayari ikikatiza jua kabla yake.

Najua mtasema siku hizi kuna vyombo. Ni kweli, tena vyombo vinasahihisha macho: mwaka 1889 mwanafalaki wa Italia, Schiaparelli, alitangaza kwamba Utaridi hulielekezea jua uso uleule daima, na wataalamu wakaamini hivyo hadi 1965, rada ya Arecibo, huko Puerto Rico, ilipoonyesha kuwa hujizungusha kwa siku 59 hivi. Mambo ya vyombo vya angani vilivyotumwa huko, Mariner 10, Messenger… muda unanibana, nayaruka.

Hili siliruki. Tarehe 13 Novemba 2032 Utaridi itakatiza jua tena, na huku kwetu ni kuanzia asubuhi hadi mchana. Msichungulie jua kwa macho wala ndani ya darubini, mtapofuka! Fanyeni kama Gassendi: chumba cha giza, karatasi nyeupe. Walimu mlioko hapa, darubini anzeni kuitafuta sasa.