Kutoa hewa kwa shoku za gari la rimoti, mos mos

Haya, karibuni tena. Kabla sijasema kitu sikizeni hii shoku, naisongeza karibu na simu… chwii, chwii. Umesikia? Hiyo ni hewa imeingia kwa oili. Hewa inabinyika, oili haibinyiki, kwa hivyo pistoni ikipita kwa oili inazuiwa poa, ikifika kwa kiputo inateleza tu, ndio maana gari likitua kutoka kwa rampu upande mmoja unazama na mwingine unadunda.

Hizi ni za mbele, gari la 1/10, yaani dogo mara kumi kuliko la kweli. Kutoa shoku, kutoa springi, kufungua kifuniko na kumwaga oili ya zamani, hiyo mnajua, nishamaliza. Stendi yangu ni kipande cha trei ya mayai, toboa chini shafti, kale kafimbo kanashika pistoni, ipite, weka juu ya vikombe viwili, shoku inasimama wima kabisa na mimi sibadilishi.

Oili ni ya silikoni. Tafadhali msiweke ya injini ya bodaboda, inafurisha oringi, zile pete za mpira za kuzuia oili isivuje, mpaka shafti inaanza kukwama. Mimi naweka ya uzito namba 35, lakini na hii baridi ya Julai oili inakuwa nzito kidogo nashuka 30. Na 30 ya kampuni moja si lazima iwe sawa na 30 ya ingine, kwa hivyo angalia cSt, kipimo cha uzito wa oili, kama wameandika kwa chupa. Hii chupa ni ya zile nauza, ukiwa Nairobi nakuletea mpaka tao.

Vuta shafti chini kabisa. Mimina ikifuata ukuta wa ndani, isidondoke katikati ikafanya povu. Sasa sukuma shafti juu, rudisha chini, mos mos… ngoja, kamera imekataa kufokasi… hapo. Ona viputo vinavyotoka kwa matundu ya pistoni, vidogo kama simsim. Pistoni isichomoze juu ya oili, ikichomoza inashuka na hewa. Vingine hujificha chini ya pistoni, zungusha shafti kidogo, gonga ubavuni na mpini wa bisibisi. Alafu iache dakika 10, usiiguse.

Tumerudi, mnaona oili imekuwa wazi kama maji. Sasa hapa nipe macho. Shoku hizi zina kaskrubu juu ya kifuniko, ka kutolea hewa. Jaza oili mpaka ukingoni, funga kifuniko bila kale kaskrubu, anza kusukuma shafti juu polepole. Oili inatoka kwa katundu, kwanza na viputo, baadaye safi. Shafti ikifika juu USIIACHILIE. Ishike hivyo hivyo, funga skrubu, ndio uachilie. Mimi mara ya kwanza niliachilia nifikie bisibisi iliyokuwa ng'ambo ya meza, ikanyonya hewa yote tena, na sikujua, nikafunga nikaenda nayo uwanjani Jumapili, kona ya kwanza gari likabiringika na mkono wa mbele ukavunjika. Kwa hivyo bisibisi iwe mkononi KABLA hujasukuma, na skrubu iwe imekaa kwa ncha yake. Nasema tena, kidole kisitoke kwa shafti kabla skrubu haijakaza.

Sawa, imekaza, naachilia… ngoja. Ona hapa chini. Kuna tone. Napangusa… limerudi. Hiyo ni oringi ya chini, imekatika. Hatuendelei hivi, naifungua yote.

Haya, nimeweka mpya na nimerudia kila kitu toka mwanzo. Ilikatwa na nyuzi za shafti, ile mikunjo kama ya skrubu kwa ncha yake, wakati wa kuipitisha, zile nyuzi ni kali kuliko zinavyoonekana, kwa hivyo paka oringi oili, na nyuzi zifunike na kipande cha nailoni mpaka ipite. Saa hii tishu ni kavu, angalia.

Sasa ya kulia na ya kushoto, zishike zikitazamana, shafti kwa shafti, sukuma. Zote zinaingia pamoja. Moja ikitangulia, rudi kwa ile hatua ya skrubu. Na sikiza… kimya. Hiyo ndio sauti naipenda mimi.

Springi zirudi, ringi za kukaza zikae urefu sawa pande zote. Za nyuma ziko kwa trei, zimebakisha dakika 6.